Kabla Ununue Seli ya 9900: Historia ya Betri Huku Ukambani

Wasee, swali linaloingia sana kwa inboksi yangu ni hili: "Nataka kujenga pakiti ndogo ya betri ya kuwasha taa na kuchaji simu huko nyumbani Mwingi, ninunue seli gani?" Na karibu kila mara swali linakuja na picha ya seli ya rangi kali, imeandikwa 9900mAh. Jibu fupi ni zii. Jibu refu ni historia, kwa sababu watu wa Kitui na Makueni wamenunua moto ndani ya boksi tangu kabla wengi wetu tuzaliwe, na karibu kila boksi lilikuja na siri ambayo muuzaji hakuisema.

Tuanze na mawe. Wazee hawakusema betri, walisema mawe ya redio. Mengi yalitoka kiwanda cha Eveready pale Nakuru, kilichofungwa 2014. Redio ikianza kusinzia, mawe yanatolewa, yanaanikwa juani juu ya mabati, na jioni yanarudi na nguvu kidogo ya kusikiza taarifa ya habari. Watu wa taoni hucheka hiyo story lakini haikuwa ushirikina. Joto huharakisha kemia ndani ya jiwe lililochoka, likatoa kale kamwisho. Kumbuka hapo kwa kuanika, tutarudi.

Halafu ikaja betri ya gari. TV ya blakendiwaiti, familia nzima na majirani wamejazana sebuleni, na betri imefungwa nyuma ya baiskeli kupelekwa soko kuchajiwa. Cheki ujinga wa ramani sasa. Bwawa la Kiambere lilianza kutoa stima 1988, liko kwa mto Tana mahali Kitui inapakana na Embu. Laini kubwa kutoka huko inaenda Rabai, Mombasa. Kule Makueni, nyaya za Nairobi kwenda Mombasa zinafuata barabara kuu. Yaani stima ilipita juu ya vichwa vya watu wakisukuma betri kwa baiskeli! Ni mpaka 2015 ndio serikali ilileta mpango wa Last Mile na kushusha bei ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. (Kitui pia iliahidiwa stima ya makaa ya mawe ya bonde la Mui. Tuachane na hiyo.)

Siri ya betri ya gari ni kwamba haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini ishike, kisha ijazwe tena. Ukiifyonza mpaka chini kila usiku kwa sababu ya TV, inakufa mapema. Ikifa inauzwa kwa watu wa skrapu, na skrapu ya risasi lazima iende kuyeyushwa mahali. Mahali pamoja palikuwa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisumisha kijiji kizima kwa risasi, watoto na wazazi wao. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo kabla aanze kupigana nacho, alishinda tuzo ya Goldman 2015. Mahakama ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Kwa hivyo mse akikuambia betri ya risasi ni "ya bei rahisi", muulize rahisi kwa nani.

Makueni ilipata mfano mzuri pia. Mwaka wa 2012, soko la Kitonyoni liliwekewa mtambo wa sola wa kilowati 13.5 na mradi wa Chuo Kikuu cha Southampton, paneli zikiwa juu kama paa, na maduka yakaanza kufungwa usiku badala ya jioni. Umuhimu wake kwangu si taa tu. Hapo watu waliona betri zinatunzwa kama mali ya soko zima, si kitu cha kufyonzwa na kutupwa.

Sasa lithiamu. Miaka ya 1970, Stanley Whittingham akiwa Exxon huko Marekani alitengeneza betri ya lithiamu inayochajika. Ilikuwa na nguvu, lakini moto ulizuka kwa maabara zaidi ya mara moja. Mwaka wa 1980 John Goodenough na wenzake pale Oxford wakaleta kobalti. Akira Yoshino kule Japani akaondoa ile lithiamu tupu, na 1991 Sony ikaanza kuuza seli, kwanza kwa kamera za video. Wote watatu walipata Nobel 2019, Goodenough akiwa na miaka 97. Seli tunayoiita 18650 ni ya ukoo huo: milimita 18 upana, 65 urefu. Kobalti nayo, nyingi duniani hutoka Kongo, pande za Kolwezi.

Goodenough hakuishia hapo. Akiwa Texas, miaka ya 1990, yeye na wanafunzi wake walileta aina nyingine isiyo na kobalti: ya chuma na fosfeti. Mafundi wanaiita LFP. Inabeba moto kidogo kwa kila gramu, kwa hivyo watu wa simu hawakuijali. Lakini haishiki moto haraka kama ile ya kobalti, na inavumilia kuchajiwa mara 2,000 na zaidi, wakati ile nyingine huanza kuchoka baada ya mara kama 500. Ndiyo utaipata ndani ya vifaa vingi vya sola vya kulipia pole pole kwa M-Pesa.

Sasa ile ya kuanika. Joto lililofufua mawe ya redio ndilo linaloua lithiamu. Nyumba ya mabati Kitui mwezi wa Februari ni kama jiko, na pakiti iliyowekwa juu ya kabati karibu na mabati inazeeka hata kama hujaigusa. Ndiyo maana, kwa nyumba ya huko, mimi nasema LFP. Seli nne nene za 32700, kila moja 6,000mAh za ukweli, ukiziunga mstari mmoja zinakupa volti 12.8. Hiyo inakubaliana na vifaa vya volti 12 bila kulazimisha, na inawasha taa ya wati 5 masaa kumi na bado simu ijae mara moja. Weka bodi ya ulinzi ya LFP, si ya seli za kawaida, kwa sababu LFP hujaa kwa volti 3.65 na zile zingine 4.2. Weka fyuzi karibu kabisa na betri. Na isilale chumba kimoja na watoto, tafadhali.

Kama mfuko umekauka na unataka za laptopu kuukuu, sawa, zipo na zingine ni poa kuliko mpya feki. Seli ikisoma chini ya volti 2, achana nayo, usijaribu kuifufua. Zilizobaki zijaze hadi 4.2, ziache wiki mbili, upime tena. Inayoshuka yenyewe inatoka kwa timu. Pima uwezo wa kila moja na uunge zinazofanana, kwa sababu dhaifu ndiyo inasukumwa mpaka ichemke. Usichanganye aina mbili hata kama zinatoshea.

Na ile 9900? Seli nzuri kabisa za 18650 utakazopata huku ni kama 3,500mAh. Nambari haikai. Ukienda Luthuli Avenue beba kamizani kadogo. Seli ya kweli ya aina ya kobalti ina gramu 45 hadi 50. Ikionyesha 30, irudishe, na muuzaji akikataa upime, maduka ni mengi hiyo barabara.