Uzito wa Rupia: Kutoka Iringa hadi Kalenga

Kutoka mjini Iringa hadi Kalenga ni mwendo wa kilomita zipatazo 15. Nimeifuata njia hiyo nikitafuta historia ya rupia, sarafu ya fedha iliyoingia Uhehe, nchi ya Wahehe, sambamba na bunduki za Wajerumani.

Nianze na uzito wa sarafu, kwani hofu ya sarafu pungufu ni ya kale. Katika dola ya Bizanti, kuanzia karne ya 6, sarafu ya dhahabu ilikaguliwa kwa mawe madogo ya mizani yaliyotengenezwa kwa kioo na kupigwa mhuri wa mkuu wa jiji. Uzito halali ulikuwa takriban gramu 4.5. Kioo hakishiki kutu, na mwizi akikikwangua kukipunguza, alama hubaki. Baadaye watawala Waislamu wa Misri walitumia mawe ya aina hiyo kukagulia dinari.

Nayo rupia iliyotolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia 1890 ilifuata kipimo cha rupia ya India: gramu 11.66, yaani tola moja, kipimo ambacho masonara wa Kihindi walikitumia. Sarafu yenyewe ilitosha kuwa jiwe la mizani.

Ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894 mbele ya majeshi ya Wajerumani. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliponyoka akaendeleza vita msituni. Wajerumani wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Ukizipima, ni zaidi ya kilo 58. Tarehe 19 Julai 1898, akikaribia kukamatwa, Mkwawa alijiua. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarejeshwa mwaka 1954. Leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Mwaka huohuo wa 1898 ilianza kodi ya nyumba. Kiwango cha kijijini kilikuwa rupia 3, yaani gramu 35 hivi. Mkulima asiyekuwa na rupia alilazimika kuuza mazao, mifugo au nguvu zake.

Jiwe la kioo lilimlinda mnunuzi asipunjwe. Huku Uhehe rupia haikupungua hata kidogo, lakini ilitumika kununulia kichwa cha mtu na kumtoza mwananchi kwa kuishi nyumbani kwake. Mizani inaweza kuwa sahihi na dhuluma ikatendeka.

Walimu wa Iringa, wapelekeni wanafunzi Kalenga. Waambieni rupia 5,000 zilikuwa na uzito gani, na zilitolewa kwa ajili ya nini.