Mizunguko 431 ya Michael Andretti

Juni 15, 1986, ilikuwa Siku ya Akina Baba nchini Marekani, na mjini Portland, Oregon, kijana wa miaka 23 alikuwa anakaribia kumshinda baba yake mzazi. Michael Andretti alikuwa mbele. Ilibaki kona ya mwisho tu, kisha mstari wa kumalizia. Hapo ndipo gari lilipoanza kukohoa: tangi limekauka. Nyuma yake akachomoza Mario Andretti, mwenye miaka 46, akampita mwanawe karibu kabisa na mstari. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.07. Baba alipata zawadi yake ya siku, ingawa aliyeitoa hakuwa amekusudia kuitoa.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, wahenga walisema. Nyoka mkubwa katika nyumba hii alizaliwa mwaka 1940 huko Montona, mji uliokuwa Italia na ambao leo uko Croatia kwa jina la Motovun. Baada ya Vita Kuu ya Pili eneo hilo likawa chini ya Yugoslavia, familia ikahama, ikaishi miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi mjini Lucca, na mwaka 1955 ikatia nanga Marekani, ikafanya makazi Nazareth, Pennsylvania. Kijana huyo mkimbizi alishinda Daytona 500 mwaka 1967, Indianapolis 500 mwaka 1969, na ubingwa wa dunia wa langalanga mwaka 1978. Hakuna dereva mwingine aliyewahi kuyatwaa yote matatu.

Michael, aliyezaliwa Oktoba 5, 1962, alikulia kwenye kivuli hicho. Hakusubiri jina limbebe. Alipitia magari madogo ya mafunzo, akatwaa ubingwa wa Super Vee mwaka 1982, na mwaka uliofuata akapanda jukwaani Le Mans, Ufaransa, yeye, baba yake na Mfaransa Philippe Alliot wakimaliza wa tatu kwa Porsche moja waliyoiendesha kwa zamu mchana na usiku. Mwaka 1984 alishiriki Indianapolis 500 kwa mara ya kwanza, akamaliza wa tano.

Kwa msomaji asiyeifuata michezo hii, Indianapolis 500 ni mashindano ya mwishoni mwa Mei katika uwanja wenye umbo la yai. Mzunguko mmoja ni kama kilomita nne, na dereva anapaswa kukamilisha mizunguko 200, sehemu kubwa kwa mwendo unaozidi kilomita 300 kwa saa, kuta za zege zikiwa hatua chache tu kutoka kwenye tairi. Dereva wa Marekani anaweza kuwa na makombe ya kujaza sebule, lakini swali la kwanza ataulizwa hilohilo: Indianapolis umeshinda mara ngapi?

Katika ukoo wa Andretti jibu ni mara moja, 1969, na ni la Mario peke yake. Yaliyofuata yamewafanya Wamarekani waamini kuwa kuna laana. Mwandishi wa makala haya haamini laana, ila anakiri kwamba ushahidi unasumbua. Mwaka 1981 Mario alitangazwa mshindi siku moja baada ya mashindano, kisha miezi minne baadaye ushindi ukarudishwa kwa dereva mwenzake Bobby Unser. Mwaka 1987 aliongoza mizunguko 170, injini ikamsaliti, na aliyeshinda ni Al Unser, mdogo wake Bobby, kwa gari ambalo wiki chache kabla lilikuwa pambo katika hoteli moja ya Pennsylvania.

Andretti anaongoza, Unser anashinda. Laiti ingeishia kwa wazee hao.

Mei 1991, Michael alikuwa kwenye kilele cha uwezo wake. Ikiwa imebaki mizunguko kumi na kitu, alimpita Rick Mears kwa upande wa nje kwenye kona ya kwanza, jambo ambalo madereva wengi hawathubutu, kwa kuwa huko nje hakuna kinachokungoja ila ukuta. Mzunguko uliofuata, Mears alimfanyia jambo lilelile, kwenye kona ileile. Mears akachukua ushindi wake wa nne, Michael akawa wa pili. Kwingineko mwaka huo ulikuwa wake kabisa: alishinda mashindano manane na kutwaa ubingwa wa CART, mfululizo wa mashindano ya Marekani, akiwa na timu ya Newman/Haas, iliyomilikiwa na Carl Haas na mwigizaji wa sinema Paul Newman. Huko Milwaukee ukoo ulijaza jukwaa peke yake: Michael wa kwanza, binamu yake John wa pili, Mario wa tatu.

Kisha ikaja Mei 24, 1992. Siku hiyo ilikuwa ya baridi kali, tairi hazishiki lami, na magari yalipishana kuingia ukutani. Mario aligonga, akavunjika vidole vya miguu. Jeff, mdogo wake Michael, alichomokewa na gurudumu, akavunjika miguu vibaya. Wote wawili walikimbizwa hospitali huku Michael akiendelea kukimbia peke yake mbele ya wote. Aliongoza mizunguko 160 kati ya 200. Ilipobaki mizunguko 11, pampu ya mafuta ikafa na gari likazima. Aliyeshinda ni Al Unser Jr., mtoto wa yule Al wa 1987, kwa tofauti ya sekunde 0.043, iliyokuwa ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano hayo hadi siku hiyo. Ukitunga hadithi ya namna hii, mhariri atakurudishia akuambie umezidisha chumvi.

Mwaka uliofuata Michael alivuka bahari kwenda alikong'ara baba yake. McLaren walimpa usukani wa langalanga pembeni ya Ayrton Senna, bingwa wa dunia mara tatu. Shindano la kwanza lilikuwa hapa barani kwetu, Kyalami nchini Afrika Kusini, Machi 14, 1993. Gari lilizima kwenye mstari wa kuanzia. Alipofanikiwa kuondoka, muda mfupi baadaye akamgonga Derek Warwick. Brazil aligongana na Gerhard Berger pale pale mwanzoni. Donington, Uingereza, alitoka kwenye mzunguko wa kwanza. Magazeti ya Ulaya hayakumhurumia.

Hukumu yao ilikuwa nusu haki. Ni kweli kwamba hakuhamia Ulaya; alikuwa akipanda ndege kutoka Marekani kila mara, na timu haikumwona vya kutosha. Lakini msimu huo mizunguko ya mazoezi ilipunguzwa, viwanja vingi hakuvijua, na gari lilijaa vifaa vya kielektroniki ambavyo hakuwahi kuvitumia nyumbani. Kumpima mgeni kwa kipimo cha Senna ni kumpima mwanafunzi kwa mwalimu wake. Katika mashindano 13 alipata pointi saba. Septemba, huko Monza, nchini alikozaliwa baba yake, alimaliza wa tatu. Likawa shindano lake la mwisho. Nafasi yake ikachukuliwa na Mika Häkkinen. Na kiti alichokiacha Newman/Haas? Kilikaliwa na Mwingereza Nigel Mansell, ambaye alitwaa ubingwa wa CART mwaka huohuo.

Alirudi nyumbani 1994 na kushinda shindano lake la kwanza tu, Surfers Paradise, Australia. Aliendelea hivyo hadi kufikisha ushindi 42 wa CART, wa kwanza na wa mwisho ukipatikana katika mitaa ya Long Beach, California, 1986 na 2002. Toronto pekee alishinda mara saba. Ila ugomvi wa wakubwa uliogawa mchezo huo katika makundi mawili ulimweka nje ya Indianapolis kuanzia 1996 hadi 2000, miaka mitano ya umri ambao dereva hawezi kuurudisha.

Mwaka 2003 aligeuka mmiliki wa timu. Kile alichokosa akiwa ndani ya gari alikipata akiwa kando ya uwanja: magari ya timu yake yalishinda Indianapolis 2005, 2007, 2014, 2016 na 2017. Katikati ya hayo, 2006, alivaa tena kofia ngumu akiwa na miaka 43 ili akimbie na mwanawe Marco, wa miaka 19. Ilipobaki mizunguko minne, Michael ndiye aliyekuwa akiongoza. Marco akampita. Portland ilikuwa imejirudia kinyume chake, na pengine siku hiyo baba hakuumia sana kupitwa. Lakini kwenye mita za mwisho Sam Hornish Jr. alimpita Marco kwa sekunde 0.0635. Baba akamaliza wa tatu.

Michael aliondoka Indianapolis kama dereva mwaka 2007, baada ya kushiriki mara 16 na kuongoza mizunguko 431. Hakuna dereva aliyeongoza mingi kiasi hicho bila kushinda hata mara moja. Baadaye alipigania kuiingiza timu yake kwenye langalanga. Shirikisho la kimataifa, FIA, lilimkubalia Oktoba 2023, lakini wenye biashara ya mchezo huo wakamkatalia Januari 2024. Mwaka huohuo alijiondoa katika uongozi wa kila siku wa timu. Nafasi ya timu ya 11, kuanzia msimu wa 2026, ilitolewa kwa jina la Cadillac, na katika bodi yake akateuliwa Mario.