Postikadi na Historia ya Reli ya Timboroa

Wanahistoria wa Kenya wamezoea kutafuta ushahidi katika nyaraka za serikali na masimulizi ya wazee. Postikadi ya picha, kwa kuwa ilitengenezwa ili iuzwe, aghalabu imeonwa kuwa pambo tu. Hata hivyo, ni ushahidi wenye manufaa, mradi isomwe kwa hadhari pande zake zote mbili.

Postikadi ilianza kutumika Austria tarehe 1 Oktoba 1869. Huko Uingereza, mwaka 1902 ndipo watu waliporuhusiwa kuandika ujumbe na anwani upande mmoja, na upande wa pili ukaachiwa picha. Wakati huo reli iliyotoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Kisumu, Desemba 1901, na W. D. Young alikuwa ameipiga picha ilipokuwa ikijengwa.

Zamu ya Timboroa ilifika baadaye. Mizigo ya Uasin Gishu ilikuwa ikivutwa na maksai kutoka stesheni ya Londiani, hata reli ya kutoka Nakuru ilipofika Eldoret mwaka 1924, baada ya kuvuka Ikweta na kupanda karibu na Timboroa hadi futi 9,136, yaani mita 2,785 hivi. Tarehe hizi humsaidia mtafiti. Picha ya garimoshi Timboroa haiwezi kutangulia ujenzi huo. Lakini picha ya gari la maksai iliyotumwa mwaka 1930 yaweza kuwa ilipigwa miaka mingi nyuma, kwani muhuri wa posta huonyesha siku ya kutumwa tu.

Mpigapicha aliyekusudia kuonyesha injini hunasa pia mapaa, mavazi ya baridi na ukingo wa msitu. Majina ya watu ndiyo hukosekana. Maelezo yaliyochapwa hutaja mwinuko wa stesheni bila kumtaja kibarua aliyetandika reli. Tena, mandhari yasiyo na watu yaliafikiana mno na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915, iliyohesabu hata ardhi waliyoikalia Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mnunuzi aliyeko London aliweza kudhani kwamba nchi ile haikuwa na wenyewe.

Kwa sababu hiyo, yafaa picha hizi zirejeshwe Timboroa na kutazamwa pamoja na wazee, wangali wapo wanaokumbuka habari za wazazi wao. Waulizwe kila kilima kiliitwaje kabla ya stesheni kujengwa, na ni nani waliochunga ng'ombe pale.