Tembo, Minazi na Baiskeli katika Historia ya Mafia

Kisiwa cha Mafia, kilicho mkabala na delta ya Mto Rufiji, si nchi ya mizabibu. Divai nyekundu ya Tanzania hutoka katika nyanda kavu za Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu huko Bihawana mwaka 1957. Mafia ni nchi ya minazi, na kinywaji chake ni tembo, yaani maji matamu yanayogemwa katika ua changa la mnazi, ambayo huchachuka yenyewe bila kutiwa kitu. Tofauti hiyo ndiyo iliyoipa biashara ya tembo sura yake, kwa kuwa divai hukaa miaka katika mapipa na chupa hadi imfikie mnywaji alipo, ilhali tembo huharibika kwa siku moja, na kwa hiyo mnywaji ndiye aliyelazimika kulifuata shambani.

Divai ya zabibu nayo haikuwa ngeni kabisa katika mwambao huu. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, ujulikanao kama Periplus, unaeleza kuwa wafanyabiashara kutoka Uarabuni walileta divai kidogo na ngano, si kwa ajili ya kuuza bali kuwaridhisha wenyeji, na unakitaja kisiwa cha Menuthias, ambacho baadhi ya wanahistoria hukihesabu kuwa Mafia na wengine kuwa Pemba au Unguja. Zawadi hiyo, hata hivyo, haikuacha desturi yoyote. Iliyoshika mizizi ni desturi ya mnazi.

Mashamba makubwa ya minazi ya Mafia yalienea katika karne ya 19, wakati wa utawala wa Oman kutoka Zanzibar, ambapo matajiri wenye mashamba waliishi hasa katika kisiwa kidogo cha Chole, huku watu waliotekwa bara wakitumikishwa kupanda na kupalilia katika kisiwa kikuu. Jambo hili halipaswi kupitwa haraka, kwa sababu kila anayesifu uzuri wa minazi ya Mafia anasifu kazi ya watu ambao hawakulipwa. Mwaka 1890 kisiwa kiliingia mikononi mwa Wajerumani, ambao mwaka 1913 walihamisha makao ya utawala kutoka Chole kwenda Kilindoni; Waingereza wakakiteka mwaka 1915, na utumwa ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Katika vipindi vyote hivyo mwenye shamba alitaka mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa kwa ajili ya kukamuliwa mafuta, na kwake mnazi unaogemwa ulikuwa hasara, kwani ua linalotoa tembo halizai nazi.

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni akiwa na kotama, kisu kilichopinda na chenye makali sana, hulifunga ua ambalo bado limo ndani ya karara, yaani ganda lake, kisha hukata ncha yake kipande chembamba na kukinga matone kwa kibuyu. Ni kazi ya hatari inayotaka mkono mwepesi, na heshima yake imekuwa ndogo kuliko ustadi wake. Tembo la alfajiri ni tamu na jepesi. Kufikia mchana huwa na povu na ukali, na jioni humlevya anywaye.

Kwa jamii ambayo wengi wake ni Waislamu, saa hizo zilikuwa na uzito wa kidini, maana tembo lisilochachuka ni halali na lililochachuka ni haramu, na ndiyo sababu unywaji ulijitenga na mji na msikiti, ukabaki chini ya minazi. Minazi hiyo nayo ilikuwa na wenyewe: mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, mwaka 1965, alionyesha kuwa minazi humilikiwa na mtu mmoja mmoja, mwanamume au mwanamke, na hurithiwa, hata pale ambapo ardhi ya kilimo ni ya ukoo.

Baiskeli ilipoenea katika karne ya 20, kwanza za Uingereza kama Raleigh na baadaye Phoenix za China, ilipanua duara la biashara hii, kwa kuwa kisiwa chenye urefu wa kilomita 50 hivi, kisicho na milima, kiliweza sasa kupitiwa kabla tembo halijageuka. Anayetoka Kilindoni kwenda kijiji cha Utende, mwendo wa kilomita 15 hivi, hupita katikati ya minazi karibu njia nzima, na leo wageni hukodi baiskeli kutazama mashamba yaleyale. Tembo lililobaki bila mnywaji halimwagwi: huachwa liwe siki, ambayo hutumika katika kutengeneza achari, kama vile tembo bichi lilivyotumika mwambaoni kuumua unga wa mikate na vitumbua katika nyumba ambazo hazikulinywa kamwe.