Chupa ya Msokoto wa Tumbo
Mnamo mwaka 1851, katika mji wa Nottingham nchini Uingereza, muuza dawa aitwaye William Woodward alichanganya mafuta ya shibiti, bikaboneti ya sodiamu, sukari, maji na kileo, akapata dawa ya kutuliza msokoto wa tumbo la mtoto mchanga, nayo ndiyo Gripe Water, ambayo alama yake ilisajiliwa mwaka 1876, na ambayo tijara ya Waingereza iliieneza hata ikafika madukani mwa pwani yetu.

Mama aliyekesha na mwanawe, akimwona amekunja magoti na kufumba ngumi kwa kilio, alimtilia kijiko kimoja cha dawa hiyo kinywani, na mtoto aliponyamaza, alihimidi. Lakini kwa rai yangu kilichomtuliza yumkini kilikuwa utamu wa sukari pamoja na kileo kile, kilichofikia asilimia 3.6, wala si tiba. Uingereza yenyewe haikukiondoa kileo hicho ila mwaka 1992.

Basi enyi wazazi, mtoto asiyetimiza miezi 6 yamtosha maziwa ya mama. Na dawa asipewe ila kwa amri ya tabibu, kwa kipimo kilichotoka na chupa, si kwa kijiko cha jikoni.