Ngoma Kuwambwa Upya: Historia ya Chombo Kimoja cha Ibada Yetu

Wahenga walinena, "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake." Methali hii husemwa juu ya mtu anayependelea upande wake, lakini chimbuko lake ni kazi halisi ya mikono: kuvuta ngozi mbichi juu ya mdomo wa mzinga wa mti hata ikaze. Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 100 ya usharika wetu, wengine wameandika juu ya majengo, watumishi na kwaya. Makala hii inahusu chombo ambacho hakikupokelewa kwa urahisi kanisani, na ambacho leo kimo katika hatari ya kusahauliwa ghalani.

Historia ya Injili ya Kilutheri katika pwani hii huanza mwaka 1887, mmisionari Johann Jakob Greiner alipofika Dar es Salaam kutoka Ujerumani. Mwaka 1892 kituo kilifunguliwa Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo, na mwaka 1903 kazi hiyo ikachukuliwa na Misioni ya Berlin. Nchi hiyo ilikuwa nchi ya ngoma. Ilipigwa arusini, ilipigwa jandoni, ilipigwa mwali alipotolewa. Ndiyo maana kwa Kiswahili neno hilo moja hutaja chombo, mchezo wenyewe, na hata sherehe nzima.

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Wamisionari wengi waliposikia mlio wa ngoma hawakusikia chombo; walisikia unyago, pombe na matambiko. Badala yake ikaletwa kengele, kikaletwa kinanda, zikaletwa tarumbeta, pamoja na nyimbo za Kijerumani zilizotafsiriwa. Tusiwahukumu kwa haraka. Hata Wakristo wenyeji wa kwanza walikuwamo waliokubaliana nao, kwa kuwa ngoma ya pepo kwao haikuwa mchezo, walijua walikotoka. Hata hivyo hasara ilitokea: chombo kilihukumiwa kwa makosa ya watumiaji, na kizazi kizima kikajifunza kuimba bila kusogeza hata mguu.

Badiliko lilikuja baada ya Uhuru. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa tarehe 19 Juni 1963, na mwezi Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Vatikano ukawafungulia ndugu zetu Wakatoliki mlango wa kutumia muziki na ala za wenyeji. Kule Makumira, Mchungaji Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wa theolojia kuleta tuni za kwao. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa aliandika wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya", ambao sasa huimbwa hata Ulaya na Marekani. Mwaka 1968 mkusanyo wa "Tumshangilie Mungu" ulichapishwa. Tuni za namna hiyo zikiimbwa bila mpigo huwa kama mboga isiyo chumvi. Kwa hiyo ngoma iliingia kanisani kwa mlango wa wimbo.

Hapa Ubungo mlango huo ulikuwa mpana. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968, na Barabara ya Morogoro ilileta watu wa kila mkoa miaka mingi kabla ya kituo kikuu cha mabasi kilichokuwapo hapa tangu 1999 hadi kilipohamishiwa Mbezi mwaka 2021. Mhaya, Mnyaturu, Mchaga na Mzaramo walikaa benchi moja, kila mmoja na ngoma ya kwao masikioni. Wa pwani amezoea ngozi iliyopigiliwa vigingi vya mti kuzunguka mdomo wa mzinga. Wa Bukoba, kama jirani zake wa Buganda, amezoea mzinga mpana juu na mwembamba chini, wenye ngozi mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba za ngozi.

Adui wa ngoma katika mji huu ni wengi. Unyevu wa pwani hulegeza ngozi, hasa wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei. Fukusi na mchwa hula mti. Panya hutafuna ngozi. Lakini adui mkubwa ni mazoea yetu: ngozi ikipasuka, hununuliwa ngoma mpya au kinanda cha umeme, na mzinga wa zamani hugeuzwa kigoda au kuni.

Kuwamba upya si kazi ya kubahatisha. Ngozi kuukuu huondolewa taratibu, kigingi kimoja kimoja, maana matundu ya zamani yatatumika tena. Mzinga hukaguliwa ndani na nje. Ufa mdogo huzibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Ufa mkubwa huhitaji kipande cha mti wa aina ileile. Ukingo wa mdomo husawazishwa, kwa kuwa penye bonde ngozi haikai sawasawa. Ngozi mpya, ya mbuzi kwa ngoma ndogo na ya ng'ombe kwa ngoma kubwa, hulowekwa hata ilainike. Kisha huvutwa kwa pande zinazoelekeana, upande huu kisha ule, ili mkazo uwe sawa. Huachwa ikauke kivulini, maana jua kali huikausha upesi ikapasuka. Siku ya kupigwa huoteshwa moto kidogo ili ipate sauti yake.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 1957 ngoma za bendi zimekuwa zikiwambwa plastiki, ambayo haijali mvua. Hatuna ugomvi nazo, wala na kinanda; Zaburi ya 150 yenyewe hutaja ala nyingi pamoja. Lakini mizinga ya zamani ilichongwa katika miti mikubwa kama mkongo na mninga, miti ambayo leo imepungua na huvunwa kwa kibali tu. Ngozi hupatikana buchani wiki yoyote. Mti wa namna hiyo haupatikani tena kwa wepesi. Na sikio la fundi ajuaye ngozi imekaza kiasi gani halinunuliwi dukani.

Wahifadhi wa makumbusho kwa kawaida huiacha ngozi ya zamani, hata iliyochanika, kwa sababu kwao ngozi hiyo ni ushahidi. Usharika una wajibu mwingine: ngoma yetu imewekwa ili ilie. Basi tufanye yote mawili. Tuiwambe upya, na kipande cha ngozi iliyotolewa tukitunze. Katika daftari la mali za usharika tuandike tarehe, aina ya ngozi na jina la fundi. Tena kila fundi anapowamba, vijana wawili wa kwaya wakae naye tangu kuloweka hadi kukausha, mikono yao ikiwa katika maji yaleyale.

Watakaoadhimisha miaka 200 wataikuta ngozi nyingine, pengine ya tano au ya sita. Mzinga wakiukuta ni uleule, watajua kwamba tuliutunza.