Darubini, Galubindi na Nyota Inayoonekana Mbili

Neno darubini lilisafiri mbali kabla ya kuingia katika kamusi zetu. Asili yake ni Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni shina la kitenzi cha kuona. Bara Hindi wana durbin, na Waturuki wana dürbün, ambayo kwao ni ile ya macho mawili. Katika kamusi za zamani za Kiswahili neno hili huandikwa pia durabini, umbo lililo karibu zaidi na asili. Makala haya yanakusudia kueleza historia fupi ya chombo hicho, na hasa kasoro moja inayowasumbua watazamaji wa nyota: kuona nyota mbili mahali palipo na moja. Kasoro hiyo ni ya fizikia, lakini kuieleza darasani ni kazi ya lugha, na hapo ndipo sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda tunapohusika.

Tuanze na neno lenyewe hapa Kampala. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walifika Buganda katika miaka ya 1840, wakati wa Kabaka Suna II. Pamoja na bidhaa walileta maneno. Kitabu kikawa ekitabo, sabuni ikawa ssabbuuni, kalamu ikawa ekkalaamu. Luganda lina pia neno galubindi, na sura yake inaonyesha wazi undugu na darubini. Lakini galubindi ni miwani! Basi mwanafunzi Mganda anapolisikia neno darubini kwa mara ya kwanza, huenda akafikiria kioo cha kusomea gazeti, wakati mwalimu anazungumzia chombo cha kutazamia mbali.

Historia inamtetea mwanafunzi huyo, kwani darubini ilizaliwa katika karakana ya miwani. Mwezi Oktoba 1608, Hans Lipperhey, fundi miwani wa mji wa Middelburg, aliwaomba watawala wa Uholanzi hati ya kulinda uvumbuzi wa bomba la kutazamia mbali. Watawala walipendezwa, ila wakamtaka atengeneze la kutazamwa kwa macho yote mawili. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amelikamilisha, na wakalikubali. Hati hakupewa, kwa kuwa wengine nao walidai kuujua ufundi huo, lakini alilipwa fedha nzuri. Kwa hiyo darubini ya macho mawili ina umri sawa na ile ya jicho moja.

Kwa nini basi ilichukua karibu miaka 300 kuenea? Kwa sababu kuunganisha mabomba mawili si kazi rahisi. Ni lazima yatazame upande mmoja barabara, kama reli mbili zisizokutana wala kuachana. Mwaka 1854 Mwitalia Ignazio Porro alipata hati ya mfumo wa prizimu, yaani vipande vya kioo vyenye pembe ambavyo huigeuza taswira isimame wima na kulifupisha bomba. Mwaka 1894 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, chini ya mwanafizikia Ernst Abbe, ilianza kuuza darubini za prizimu za macho mawili. Ndizo mama wa nyingi tunazoziona leo shingoni mwa watalii na waongozaji wao katika mbuga zetu.

Prizimu zilileta faida, zikaleta na udhaifu. Darubini ikianguka sakafuni, kioo kinaweza kusogea kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa kukikagua. Hapo bomba la kulia na la kushoto hayatazami tena mahali pamoja. Macho hujaribu kusahihisha. Yamezoea kugeukia ndani tunaposoma, kwa hiyo kosa dogo la upande huo huvumilika, ingawa kichwa kinaweza kuuma. Lakini macho hayana mazoea ya kuachana kwenda nje, wala jicho moja kupanda juu na jingine kushuka. Kosa likiwa la namna hiyo, ubongo hushindwa kuziunganisha taswira mbili.

Mchana kasoro hii inaweza kujificha, maana miti na nyumba huupa ubongo alama nyingi za kuunganisha. Usiku nyota ni nukta moja ya mwanga katika giza. Ikigawanyika, inaonekana mara moja.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, alilichunguza kuona kwa macho mawili karibu miaka 600 kabla ya Lipperhey. Alitumia ubao wenye mistari ya rangi na vipande vya nta, akaonyesha kwamba kitu huonekana kimoja pale macho yote mawili yanapokielekea kwa namna moja, na huonekana viwili pale mwelekeo huo unapovunjika.

Msomaji anaweza kuijaribu darubini yake kwa njia nyepesi. Kwanza urekebishe upana wa mabomba ulingane na macho yako. Kisha itazame nyota, ufumbe jicho moja. Nyota ya pili ikitoweka, tatizo liko katika ulinganifu wa pande mbili: ama chombo kimepinda, ama macho yako hayaelewani. Mpe mwenzako ajaribu. Naye akiona mbili, lawama ni ya chombo. Kama nyota ya pili inabaki hata kwa jicho moja, huenda ni kasoro ya jicho hilo au ya lenzi, au huenda ni nyota mbili kweli! Mfano ni Mizar na jirani yake Alcor, ambayo Waarabu waliiita Suha na kuitumia kupimia makali ya macho. Kutoka Kampala tunaziona upande wa kaskazini jioni za mwezi Mei. Tahadhari moja: mtu akianza ghafla kuona viwili bila darubini, aende hospitali bila kuchelewa.

Sasa turudi kwenye lugha. Hali hii tuiiteje? Wengine watasema kuona maradufu. Lakini maradufu ni pia neno la kipimo; tukisema darubini hukuza maradufu, tunaisifu. Mtoto aliyeambiwa kuwa anaona maradufu anaweza kudhani amesifiwa. Napendekeza tuseme kuona viwili viwili kwa kasoro, na nyota pacha kwa zile zilizo mbili kweli. Vilevile tusitosheke na darubini peke yake. Tuseme darubini ya jicho moja au ya macho mawili, na hadubini tuiachie kazi yake ya kukuza vijidudu.

Kampala ina deni katika kazi hii. Kati ya 1952 na 1962 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake hapa Makerere. Baadaye, mwaka 1990, taasisi iliyoirithi, TUKI, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Nasi tulikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto atakayejifunza Kiswahili hicho atakuja siku moja kutuuliza kwa nini anaona nyota mbili. Tukikosa maneno, tutamwambia macho yake ni mabovu na kumtafutia galubindi, ilhali kilichopinda ni chombo alichopewa.